Kuchaji gari ya umeme kambini: soketi ya kawaida, ya karavani, ile ya ampia 50 au chaja ya fasta ya njiani?

Watu wengi wakipanga kwenda kupiga kambi na gari ya umeme kitu cha kwanza wanachouliza ni soketi gani inachaji haraka, na mi naona hilo swali limekaa miguu juu kichwa chini, maana kambini gari imepaki, wewe umelala na masaa yanapita yenyewe. Cha kuuliza kwanza ni vitu viwili tu, gari itakaa imepaki masaa mangapi mfululizo, na kutoka hapo kambini hadi chaja inayofuata ya uhakika ni kilometa ngapi. Ukishazijua hizo mbili kuchagua kunakuwa rahisi sana, na mara nyingi utakuta ile soketi uliyokuwa unaidharau inakutosha kabisa.

Tuweke hesabu moja ya kutumia kote ili tusichanganyane. Chukua gari ya saizi ya kati inayokula yuniti 18 kwa kilometa 100, na yuniti ni ile ile inayosomeka kwenye mita, kilowati moja kwa saa moja. Ukitaka kuongeza kilometa 150 unahitaji yuniti 27 ziingie kwenye betri, ila kwenye soketi utavuta kama 31 hivi kwa sababu kuna umeme unaopotea njiani, kwenye waya, kwenye chaja iliyo ndani ya gari, na kwenye kompyuta na pampu za gari ambazo zinabaki macho muda wote gari inapochaji. Hizo kompyuta na pampu peke yake zinaweza kula wati 200 hadi 300 mfululizo, kwa hiyo ukichaji kwa umeme mdogo sana sehemu kubwa inaishia huko, na ndio maana mtu anaangalia skrini asubuhi anashangaa mbona hesabu haikubali.

Soketi ya kawaida

Hii ndio ile ya kuchomekea simu na taa. Kwenye nchi za volti 120, kama Marekani na Kanada, soketi ya ampia 15 unatakiwa uvute ampia 12 tu kama unachaji masaa mengi, hiyo ni kilowati 1.4, na kwa saa 12 za usiku utaamka na kama kilometa 75 zaidi. Kwenye nchi za volti 230 chaja nyingi za mkononi, zile unazobeba kwenye gari, zinajizuia kwenye ampia 10, unapata kilowati 2.3, na usiku ule ule unakupa kama kilometa 130. Tofauti sio ndogo, kwa hiyo ukisoma ushauri wa mtu angalia kwanza yuko kwenye volti ngapi kabla hujaubeba mzima mzima.

Uzuri wake ni kwamba iko karibu kila mahali na haihitaji adapta ya ajabu. Ubaya wake mkubwa ni kwamba soketi za kambini zinanyeshewa, zinapigwa jua, zinachomekwa na kuchomolewa na kila mgeni anayepita, zile chuma za ndani zinalegea, na plagi ikikaa imelegea hapo ndipo joto linapoanzia. Chaja ya gari inavuta umeme ule ule bila kupumzika masaa 10 au 12, tofauti na birika linalovuta dakika tatu likazima. Ukichomeka, kaa nusu saa halafu rudi ukaiguse plagi kwa kiganja. Ikiwa vuguvugu tu sawa, ikiwa na moto wa kukufanya uondoe mkono, punguza ampia au chomoa kabisa utafute soketi ingine. Na kabla hata hujachomeka tazama uso wa soketi, ukiona plastiki imekuwa ya kahawia kuzunguka tundu moja, au tundu limeyeyuka kidogo pembeni, hiyo soketi ilishaungua na mtu mwingine, iache hata kama ndio ya mwisho kubaki.

Soketi ya karavani

Hii ni ile soketi ya nje waliyowekewa wenye karavani, yaani vyumba vya kulala vya kuvutwa na gari. Hapa ndipo mi naweka kura yangu kwa watu wengi, ila ndipo pia penye mitego.

Ulaya soketi yenyewe ni ile ya bluu ya mviringo yenye pini tatu nene, ya ampia 16, na imetengenezwa kwa ajili ya nje, ina mfuniko na inashika plagi vizuri kuliko soketi ya ukutani. Kwa volti 230 ikitoa ampia 16 kamili ni kilowati 3.7, usiku wa saa 12 unaongeza kilometa 200 na kitu. Tatizo ni kwamba umbo la soketi halikwambii breka iliyoko nyuma yake ni ya ngapi. Kambi nyingi zinafunga breka ya ampia 10 au hata 6 nyuma ya soketi hiyo hiyo ya bluu, na gari yako haina namna ya kulijua hilo, itavuta vile ulivyoiambia hadi breka ikate saa tisa usiku na wewe umelala, unaamka betri iko pale pale na jirani zako hawana taa. Kwa hiyo uliza mapokezi, au fungua kiboksi cha umeme usome namba kwenye breka, halafu uweke ampia kwenye chaja chini ya hiyo namba.

Na hapa kuna jambo dogo ambalo linaharibu usiku wa watu wengi. Kiwango cha kimataifa cha kuchaji magari hakiruhusu gari kuambiwa ivute chini ya ampia 6, hiyo ndio sakafu. Sasa ukiwa na kiwanja, yaani ile sehemu yako ya kuweka hema au karavani, chenye umeme wa ampia 10, wati 2300 zote kwa pamoja, gari ikichukua ampia 6 tu imeshakula wati 1380, unabaki na 920 za taa, friji na simu. Mtu akiwasha birika la wati 2000 kila kitu kinakata. Kiwanja cha ampia 6 ndio kabisa, ni gari au mengine yote, huwezi vyote. Familia ikubaliane mapema nani anatumia umeme saa ngapi, mi napenda gari ianze kuchaji watu wakishamaliza kupika, magari mengi yana setingi ya kupanga muda wa kuanza.

Amerika Kaskazini soketi ya karavani ndogo inaitwa TT-30. Ni ampia 30, ila ni volti 120 sio 240, na hapa ndipo wengi wanapigwa. Ukivuta ampia 24, ambazo ndizo salama kwa kuchaji muda mrefu, unapata kilowati 2.9, mara mbili ya soketi ya kawaida, na usiku mmoja unakupa kama kilometa 165. Shida ni adapta. Zile adapta zinazouzwa kwa wenye karavani za kutoka TT-30 kwenda kwenye plagi kubwa ya ampia 50 zinaunganisha waya wa moto mmoja kwenye pini zote mbili za moto, karavani inafurahi lakini chaja ya gari inapima kati ya hizo pini mbili inakuta sifuri, haifanyi kitu. Unahitaji adapta iliyotengenezwa makusudi kwa gari ya umeme. Na hata ukiwa nayo, chaja ikiona plagi ya ampia 50 itadhani iko kwenye soketi kubwa na itataka kuvuta ampia 32, kwa hiyo lazima ushushe wewe mwenyewe kwenye skrini ya gari hadi 24 kabla hujawasha breka. Hakikisha pia chaja yako inakubali volti 120 kwenye ampia hizo, sio zote zinakubali.

Soketi ya ampia 50

Hii inayoitwa NEMA 14-50, jina la aina ya soketi za huko, ipo kwenye kambi za Marekani na Kanada zinazopokea yale magari makubwa ya kulala, ina volti 240 na ndio tajiri wa kundi zima. Sheria ya mzigo wa muda mrefu ni asilimia 80, kwa hiyo kwenye ampia 50 unaruhusiwa 40, hiyo ni kilowati 9.6, ila chaja nyingi za mkononi zinaishia ampia 32, kilowati 7.7. Zile kilometa 150 zetu zinapatikana kwa masaa manne tu. Ukifika jioni na betri iko chini ya asilimia 20 unaamka imejaa.

Ukiiweka ubavuni mwa TT-30 kwa kasi tu haina mpinzani, lakini angalia unacholipia. Viwanja vyenye hii soketi mara nyingi ni vile vikubwa vya magari makubwa, vina bei yake, na wewe una hema la watu wawili, unalipia eneo usilolihitaji kwa sababu ya umeme ambao gari ingeweza kuupata taratibu usiku kucha kwenye soketi ndogo. Kama unalala usiku mmoja tu na kesho una safari ndefu, ilipie bila kusita. Kama unakaa siku tatu mi siioni faida yake, soketi ya ampia 30 au hata ile ya kawaida itakuwa imeshajaza betri kabla hujaondoka.

Alafu kuna suala la majirani ambalo halizungumzwi vya kutosha. Nyaya za kambi nyingi zilipigwa hesabu kwa karavani ambazo hazitumii umeme wote kwa wakati mmoja, friji inawaka inazima, kiyoyozi kinawaka kinazima. Gari yako inavuta moja kwa moja. Siku ya joto kali viyoyozi vyote vikiwaka mchana volti zinashuka kwenye mstari mzima, na ukiongeza gari tatu za umeme za ampia 32 kila moja unawasumbua watu wenye mashine zinazoumia volti zikishuka. Baadhi ya magari yakiona volti imeporomoka yanapunguza yenyewe, mengine hayajali. Kwa hiyo hata kama una haki ya 32, weka 20 au 24 na anza saa nne usiku, asubuhi utakuta imejaa au imekaribia kujaa na hakuna aliyejua. Hiki kitu kimoja kikifanywa na wote naamini wenye kambi wangeacha kuweka mabango ya kukataza.

Maana mabango yapo. Kuna kambi zinazokataza kabisa kuchaji gari kwenye soketi za viwanja, kuna zinazoruhusu kwa kulipia ada ya ziada kwa usiku, na kuna zinazosoma mita unapoingia na unapotoka. Ile ya kusoma mita ndio ya haki kuliko zote, anayevuta yuniti 40 analipa 40. Ila usichomeke kimya kimya kwa kuwa umeona soketi na haina bango, umeme ule kauandaa mtu kwa matumizi fulani na kwa bei fulani, muulize unapobuku, sio unapofika saa mbili usiku ukiwa na asilimia 6.

Chaja maalumu ya kambi vs soketi ya kiwanja

Kambi zingine siku hizi zina nguzo ya kuchajia magari kabisa, huko Ulaya ni zile za plagi ya magari ya umeme inayoitwa Taipu 2, unakuta kilowati 7 hadi 22 kwa nguzo. Kiusalama hii inazishinda soketi zote, hakuna plagi iliyolegea, hakuna adapta, nguzo yenyewe inaiambia gari ivute kiasi gani. Ila usibabaike na 22, gari nyingi chaja yao ya ndani inaishia 7.4 au 11, nguzo ikitoa zaidi haisaidii kitu. Kasoro yake ni kwamba iko moja au mbili kwa kambi nzima, pengine kwenye maegesho ya mapokezi mbali na hema lako, na mtu akipaki hapo tangu jana jioni umekwama. Kama ipo na inawekwa oda, weka oda. Kama haiwekwi oda, usiitegemee kama njia yako pekee.

Chaja ya fasta njiani

Sasa hii ndio mshindani wa kweli wa kuchaji kambini, na kwa watu wa usiku mmoja mara nyingi inashinda. Hyundai Ioniq 5 kwenye chaja ya kilowati 350 inatoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18 hivi, magari mengi mengine ni nusu saa, na kwenye chaja ya kilowati 50 hesabu kama saa nzima. Juu ya asilimia 80 kasi inaporomoka kwa gari karibu zote kwa hiyo kusubiri ifike 100 hapo ni kupoteza muda wako na wa aliyepanga foleni nyuma yako. Kwa bei yuniti ya chaja ya fasta kwa kawaida iko juu kuliko ya kambini, hilo lijue.

Kinachofanya kazi vizuri kwa maoni yangu ni kuzichanganya. Pita chaja ya fasta ya mwisho kabla ya kambi, jaza hadi 80, ingia kambini ukiwa tayari na chaji ya kukurudisha kwenye hiyo chaja hata kama kambini umeme umekatika, halafu soketi ya kiwanja iwe ya kuongezea taratibu. Ukisafiri hivi hata soketi ya kilowati 1.4 inatosha, usingizi unakuja, na hubishani na mtu mapokezi. Anayefika kambini na asilimia 5 ndiye anayelazimika kuvuta ampia za mwisho kwenye soketi iliyochoka.

Wanaovuta karavani na gari ya umeme hesabu yao ni ingine kabisa. Ukivuta mzigo wenye uso mkubwa upepo unakula betri, umbali unaweza kushuka hadi nusu, kwa hiyo zile kilometa 165 za usiku mmoja kwenye TT-30 zinageuka 80 na kitu. Hawa ndio wanaohitaji ampia 50 kweli kweli, au wakae siku mbili kila kituo. Na wachunguze mapema kama kwenye chaja ya fasta unaweza kuingia na karavani nyuma, nyingi unalazimika kuifungua kwanza, na kuifungua na kuifunga tena kwenye maegesho yenye watu ni kazi ya kuchosha.

Upande wa pili kuna wenye haibridi za kuchomeka, yaani gari zenye injini ya mafuta na betri ya kuchaji. Betri zao nyingi ni za yuniti 10 hadi 20, chaja ya ndani mara nyingi ni kilowati 3.3 au 3.7, karibu soketi yoyote ile inawatosha usiku mmoja, wasiumize kichwa wala wasilipie kiwanja kikubwa.

Baridi nayo inabadilisha mchezo. Ukilala ndani ya gari na hita inawaka usiku kucha, na umechomeka kwenye kilowati 1.4, sehemu kubwa ya huo umeme inaenda kukupasha wewe na betri joto, kwenye barafu kabisa unaweza kuamka na asilimia zile zile ulizolala nazo. Kama mpango wako ni kulala ndani ya gari kwenye baridi, soketi ya kawaida ihesabu kama ya kukulinda usipoteze, usiihesabu kama ya kuongeza.

Jenereta, sola na ekstensheni

Jenereta sipendekezi. Lita moja ya petroli kwenye jenereta dogo inatoa kama yuniti 2, hiyo ni kilometa 10 hivi, gari dogo la petroli lingeenda mbali zaidi kwa lita hiyo hiyo, na kelele zake zinawaharibia wote waliokuja kutafuta utulivu. Tena chaja nyingi zinalikataa kwa sababu zinapima waya wa ardhi na kwenye jenereta hazioni kitu. Kwa dharura sawa, kwa mpango hapana. Sola ya kukunja ya wati 400 siku ya jua zuri inakupa yuniti moja na nusu hadi mbili, ni nzuri mno kwa friji, taa na simu, kwa gari ni kilometa nane au kumi kwa siku nzima. Kama mko na gari mbili na moja ina uwezo wa kutoa umeme nje, Ioniq 5 za Ulaya kwa mfano zinatoa hadi kilowati 3.6, inaweza kuichaji ya mwenzake, na kwa kumtoa mtu alipokwama hiyo inashinda jenereta mbali sana.

Ekstensheni ni sehemu ninayoomba watu wawe makini kuliko zote. Kama lazima utumie, iwe moja tu, ya nje, yenye nyaya nene zilizoandikwa ampia zinazozidi unazovuta, na uifungue yote kutoka kwenye gurudumu lake hata kama unahitaji mita tano tu, maana ikibaki imeviringishwa joto linakosa pa kutokea na ganda linayeyuka kwa ndani bila wewe kuliona. Maungio yasilale kwenye nyasi zenye umande, yainue juu ya kitu. Na usiunganishe ekstensheni kwa ekstensheni, hapo hapana mjadala.

Ukifika kwenye kiboksi zima breka kwanza, chomeka plagi, weka ampia, ndio uwashe. Ukiondoka fanya kinyume, simamisha kuchaji kwenye gari, zima breka, halafu ndio uchomoe, kwa sababu ukichomoa umeme ukiwa unapita unapiga cheche ndani ya soketi na cheche hizo ndizo zinazoila ile chuma anayokuja kuitumia mgeni wa kesho. Chaja ikiwaka taa nyekundu na kukataa usianze kuipiga piga, mara nyingi imekuta hakuna waya wa ardhi au moto na nyutro zimegeuzwa, mwambie mwenye kambi akuhamishie kiwanja kingine, na mwambie kwa namba ya kiboksi ili fundi akija ajue ni kipi.